Hodi Tusiyoisikia: Kivinjari, Matangazo na Upelelezi



Nimeombwa nizungumze nanyi hapa Tanga mjini kuhusu usalama wa kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia tovuti: Chrome, Firefox, Safari, Opera, Edge na nyinginezo. Wengi wetu twaiita tu “intaneti” au “Google”, na mtu husema “fungua Google” akimaanisha kivinjari kizima. Si neno. Jioni hii nataka tukitazame hicho chombo chenyewe, kwa sababu ndicho tunachotumia kuombea mkopo wa masomo, kutafutia ajira, kusomea matokeo ya mitihani na kuingilia benki.

Nia yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba programu za matangazo na programu za kijasusi kwa sehemu kubwa hazivunji mlango. Huingia kwa ruhusa yetu, na ruhusa hiyo tunaitoa bila kuelewa tumeulizwa nini.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu. Akisikia “karibu” huingia, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Hata akikaribishwa, huishia barazani au sebuleni, chumbani hafiki. Ili adabu hiyo isimame sharti mwenye nyumba aisikie hodi na ajue anayebisha ni nani, na mgeni naye ajue mwisho wake ni wapi. Nitakapokuwa nasema ruhusa, ridhaa au kukubali, naomba mfikirie hodi.

Miaka michache iliyopita mwalimu wangu mstaafu aliniletea kompyuta yake mpakato. Alikuwa na uchungu. Kila ukurasa alioufungua ulijaa matangazo ya kamari na dawa za nguvu za kiume, na mjukuu wake wa kike alikuwa akiitumia mashine hiyohiyo kwa kazi za shule. Nikamuuliza ilianza lini. Akakumbuka kwamba alitafuta programu ya kubadilisha hati za kiinua mgongo chake ziweze kurekebishwa, akaona kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa “Download”, akakibonyeza. Kitufe kile kilikuwa tangazo. Kitufe halisi kilikuwa chini, kidogo, cha rangi ya kijivu. Programu aliyoipakua ilikuwa na visanduku vinne ambavyo tayari vilishatiwa alama ya kukubali.

Nilikuta viendelezi vitatu asivyovijua (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari), mtambo wa kutafutia uliobadilishwa, na tovuti 11 zenye ruhusa ya kumtumia arifa. Kimoja kati ya viendelezi vile kilikuwa na haki ya kusoma kila ukurasa anaoufungua, wa benki ukiwamo. Mzee akaniambia, “Mwanangu, mimi sikumkaribisha mtu.” Alisema kweli. Na kumbukumbu za kompyuta zilisema kinyume, kwamba alikubali kila kitu. Tangu siku ile sijaacha kulifikiria pengo lililo kati ya kauli hizo mbili, na mhadhara huu umetokana nalo.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba kivinjari hakikuundwa kuwa mlango wa nyumba.

Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990, katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kule Geneva, alitaka wanasayansi waweze kusomeana maandiko. Ukurasa wa tovuti ulikuwa kama karatasi: unaufungua, unausoma, unaufunga. Karatasi haikujui jina, wala haikumbuki kwamba jana uliishika.

Baada ya miaka minne mambo yakageuka. Kampuni ya Netscape ilitaka duka la mtandaoni liweze kukumbuka mteja ametia nini kapuni, na mhandisi wake Lou Montulli mwaka 1994 akabuni kidakuzi, kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiacha kwenye kompyuta ya mgeni wake na kukiulizia tena anaporudi. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni hiyohiyo akaunda kwa siku 10 lugha ya JavaScript, na karatasi ikaanza kutenda. Ikaweza kuhesabu, kufungua madirisha, kutambua kitufe gani kimebonyezwa.

Wahandisi waliiona hatari. Waliweka kanuni ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya usalama wa kivinjari: ukurasa wa tovuti moja usisome ukurasa wa tovuti nyingine. Ukifungua benki kwenye kichupo (tab) kimoja na gazeti kwenye kingine, gazeti halilioni salio lako. Ni kama nyumba zetu za kupanga, za vyumba sita vyenye korido moja katikati. Wapangaji wanapishana mlangoni, wanachota maji bomba moja, lakini ya chumbani kwa mtu yanabaki ya chumbani kwake. Ukuta huu naomba muukumbuke, nitaurudia.

Ukuta ulibakiwa na tundu. Ukurasa ukibeba tangazo lililotoka kwa kampuni ya matangazo, kampuni ile nayo huacha kidakuzi chake. Kama matangazo yake yamo katika tovuti elfu moja, basi itakutambua katika zote elfu moja, na itajua kwamba aliyesoma habari za ujauzito asubuhi ndiye aliyetafuta nyumba ya kupanga jioni. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wa namna hii bila kuombwa mwaka 2019, na Safari ikavizuia kabisa vidakuzi vya wageni wa pembeni mwaka 2020. Google nayo ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaliacha wazo hilo. Kampuni inayoishi hasa kwa mapato ya matangazo ndiyo inayotengeneza kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kuliko vyote duniani. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini ulinzi mwingine huchelewa.

Hoja ya pili: programu ya matangazo na programu ya kijasusi ni ndugu wa tumbo moja.

Vitabu huzitenga. Ya matangazo, wanasema, hukuletea matangazo usiyoyaomba. Ya kijasusi huchukua habari zako na kuzipeleka kwingine. Katika kazi yangu ni mara chache nimekuta moja bila nyingine. Anayetaka kukuonyesha tangazo lenye thamani anahitaji kujua unataka nini, na njia ya mkato ya kujua unataka nini ni kukufuatilia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Marekani iliyoitwa Gator iligawa bure programu ya kujaza fomu na kukumbuka nenosiri. Ilikuwa msaada wa kweli. Lakini pia iliingia kwenye kompyuta za watu kwa kupandia mgongo wa programu nyingine, kama Kazaa iliyopendwa na vijana kwa kubadilishana muziki. Ikishaingia, ilifuatilia tovuti alizotembelea mtu, kisha ikatandaza matangazo yake juu ya kurasa za watu wengine. Mwaka 2002 wachapishaji wa magazeti, wakiwamo wa The Washington Post na The New York Times, waliipeleka mahakamani. Mwaka 2003 ikabadili jina kuwa Claria, na mwaka 2006 ikatoka katika biashara hiyo.

Utetezi wake wakati wote ule ulikuwa kwamba watumiaji walikubali. Na kweli walikubali, katika maandishi marefu ya kisheria ambayo hakuna mtu aliyekaa kuyasoma. Mwaka huohuo wa 2006 kampuni nyingine, Zango, ililipa dola milioni 3 kumaliza shauri lililofunguliwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani. Ilidaiwa kuwa imeziingiza programu za matangazo bila ridhaa ya kweli na kuzifanya ngumu kuondoa. Hapo ndipo serikali moja yenye nguvu iliposema waziwazi kwamba hodi iliyofichwa si hodi. Naona mawakili wawili watatu humu ukumbini. Nadhani mnaelewa uzito wa jambo hilo kuliko mimi.

Sasa niingie hoja ya tatu, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo penye moyo wa mambo.

Vivinjari vya leo vina kuta imara. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na mpango wa kufungia kurasa katika vyumba tofauti vya kompyuta, ili ukurasa mmoja ukiharibika au ukidukuliwa usiyafikie mafaili yako. Wengine wakafuata. Kuvunja ukuta wa namna hiyo kunataka ujuzi mkubwa na fedha nyingi. Kwa hiyo mwenye nia mbaya hutafuta njia rahisi: aombe awe mpangaji.

Mpangaji huyo ni kiendelezi. Viendelezi ni zile programu ndogo tunazoziongeza kwenye kivinjari ili zitafsiri ukurasa, zipakue video, zipige picha ya skrini au zisahihishe maandishi. Vingi ni vya manufaa, na mimi mwenyewe natumia viwili. Lakini someni ruhusa ambayo kiendelezi huomba: kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote unazotembelea. Kumbukeni ule ukuta kati ya chumba na chumba. Ruhusa hii inautoboa katika vyumba vyote kwa mpigo mmoja. Aliyepewa anauona ukurasa wa benki ukiwa tayari umefunguliwa, baada ya wewe kuingiza nenosiri, na akitaka anaweza kuyabadilisha maandishi yaliyo mbele ya macho yako. Kizuizi cha kiufundi cha kumkataza hakipo tena, kwa sababu umekiondoa wewe.

Mtu ataniambia, “Mimi huchagua viendelezi vya watu waaminifu.” Vema. Sasa sikilizeni. Mwandishi wa programu wa India, Amit Agarwal, alitengeneza kwa muda wa saa moja hivi kiendelezi cha kuwasaidia wasomaji wa habari. Kikapata watumiaji zaidi ya 30,000. Akaja mtu asiyemfahamu, akataka kukinunua kwa maelfu ya dola, naye akauza. Baada ya muda mfupi mmiliki mpya akatuma toleo jipya lenye matangazo ndani yake, na kwa kuwa viendelezi hujisasisha vyenyewe, watu wale 30,000 wakalipokea bila kuulizwa. Agarwal alilieleza jambo hilo hadharani mwenyewe, kwa majuto, na Januari 2014 Google ikakiondoa dukani.

Mtasema hiyo ni zamani. Mwaka 2020 kiendelezi cha The Great Suspender, kilichopumzisha vichupo visivyotumika ili kompyuta isilemewe, na chenye watumiaji wapatao milioni 2, kiliuzwa kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa kilikutwa na programu hasidi. Watu waliokiweka walifanya uamuzi wa busara siku walipokiweka. Waliompangisha walimjua, ila aliyelala chumbani usiku ule alikuwa mwingine.

Kisa kilichonisikitisha kuliko vyote ni cha Avast. Hii ni kampuni kubwa ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi, na kiendelezi chake kiliahidi kuwakinga watu na wafuatiliaji. Januari 2020 waandishi wa habari wa Motherboard na PCMag walifichua kwamba habari za matembezi ya watumiaji mtandaoni, zilizokusanywa kupitia programu hizo za ulinzi, zilikuwa zikiuzwa na kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Mwaka 2024 Avast ilikubali kulipa dola milioni 16.5 kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ileile ya Marekani niliyoitaja. Mlinzi uliyemwajiri akae mlangoni alikuwa akiwauzia wapita njia daftari la wageni wako.

Simulizi hizi sizitoi ili mkavifute viendelezi vyote usiku huu. Nataka mwelewe kwamba ruhusa tuliyoitoa jana inaweza kurithiwa, kuuzwa au kuibwa, na kivinjari hakitarudi kutuuliza. Desemba 2024 wadukuzi walimhadaa kwa barua pepe mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ambayo kazi yake ni usalama, wakatuma toleo bovu la kiendelezi chake kwa watumiaji wake siku ya Krismasi, saa ambazo mafundi wengi wako nyumbani na familia zao.

Hoja ya nne inahusu mgeni aliyekuwamo ndani kabla mwenye nyumba hajahamia.

Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Lenovo iliuza kompyuta mpakato zilizokuwa tayari na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Programu hii ilitaka kupachika matangazo hata katika kurasa zilizofungwa kwa usimbaji fiche, zile ambazo anwani yake huanza na https. Usimbaji huo ni kama bahasha iliyotiwa lakiri kati yako na benki. Superfish ilikaa katikati, ikaifungua bahasha, ikapachika vyake, kisha ikaifunga tena kwa lakiri yake. Ili kivinjari kisipige kelele, ilijiandikisha ndani ya Windows kama mamlaka ya kuaminika ya kutoa vyeti.

Ubaya uliozidi ubaya ni kwamba ufunguo wa lakiri hiyo ulikuwa mmoja kwenye kompyuta zote. Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliutoa kwa saa chache tu, na nenosiri lililoulinda lilikuwa “komodia”, jina la kampuni iliyotengeneza sehemu hiyo ya programu. Kuanzia siku ile yeyote aliyekuwa na ufunguo angeweza kukaa kwenye Wi-Fi ya hoteli na kujifanya benki mbele ya mwenye kompyuta hiyo, na alama ya kufuli ingeonekana kama kawaida. Kuiondoa programu peke yake hakukutosha, maana cheti kilibaki. Lenovo iliacha kuiweka, ikatoa njia ya kuisafisha, na mwaka 2017 ikakubaliana na tume ya Marekani, pamoja na kulipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32.

Hapa niseme neno kuhusu kufuli, maana nimesikia semina nyingi zikifundisha kwamba ukiona kufuli, tovuti ni salama. Kufuli husema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefunikwa. Haikuhakikishii mwenye tovuti ni nani wala ana nia gani. Tapeli pia hupata cheti, tena bure. Chrome iliiondoa alama hiyo Septemba 2023 na kuweka nyingine kwa sababu watu waliielewa visivyo. Wenzangu tunaofundisha, tubadilishe somo.

Afrika nayo ina lake. Agosti 2020 kampuni ya Secure-D na waandishi wa BuzzFeed News walieleza kwamba simu za bei nafuu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zikiwa dukani. Zilipakua programu nyingine kimyakimya na kujaribu kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia, salio likaliwa. Transsion, kampuni inayotengeneza simu hizo, ilisema kosa lilitoka kwa mhusika mmoja katika mnyororo wa ugavi na kwamba ilitoa marekebisho. Inaniuma kwamba walioumizwa ndio waliokuwa na uwezo mdogo wa kununua simu, na vocha ya siku ndiyo iliyokuwa inayeyuka.

Hoja ya tano nitaipitia kwa haraka. Upo upelelezi ambao kweli huvunja ukuta, na lazima tuujue. Agosti 2016 mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea ujumbe kwenye simu ukimwahidi siri mpya za mateso magerezani, pamoja na kiungo. Hakukibonyeza. Alikipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, nao wakagundua kwamba angekibonyeza, nyufa tatu zisizojulikana, ya kwanza ikiwa katika kivinjari cha Safari, zingeiruhusu programu ya kijasusi ya Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israel, kuimiliki simu yote. Apple ikaziziba nyufa hizo tarehe 25 Agosti. Simu za Apple katika mikono ya watu duniani kote zilipata usalama kwa sababu mtu mmoja aliuzuia mkono wake. Yeye mwenyewe alikamatwa mwaka 2017 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10. Wale mnaoahirisha kusasisha kivinjari kwa kuogopa kumaliza bando, naomba mkumbuke kwamba sasisho lile lilikuwa ndilo tofali la kuziba ufa.

Hoja ya sita na ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi zaidi, na ni hoja ya lugha.

Tangu Aprili 2015 Chrome imeziruhusu tovuti kutuma arifa hata zikiwa zimefungwa, baada ya kuomba ruhusa. Wenye nia mbaya waliigeuza haraka. Ukurasa unakuambia ubonyeze “Allow” ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, au ili video ianze, au ili matokeo yaonekane. Nimeona wakati wa matokeo ya kidato cha nne vijana wakibonyeza Allow katika tovuti tano mfululizo kabla ya kuifikia ile halisi. Kesho yake simu inasema ina virusi 13, bonyeza hapa. Hakuna kirusi hata kimoja. Ni tangazo lililovaa sauti ya simu yako mwenyewe, na mzazi anaogopa, anabonyeza.

Ndugu zangu wenye steshenari mlio humu, kompyuta yenu ni ya watu 60 kwa siku. Katika kivinjari kimoja hupita namba za NIDA za vitambulisho vya taifa, maombi ya mkopo, vyeti vya kuzaliwa, na maneno ya siri ambayo wateja huwatamkia kwa sauti huku wengine wakiwa kwenye foleni. Kiendelezi kimoja kibaya hapo si tatizo la mtu mmoja. Nawapa heshima yenu: nyinyi ndio ofisi ya serikali mtandao kwa watu wengi wa mkoa huu, bila mshahara wa serikali. Ndiyo sababu nataka tuanze kwenu.

Na hodi yenyewe hupigwa kwa Kiingereza. Mama anayeuza samaki hapa Tanga, pale Deep Sea, anajua kukataa bei mbaya kwa jicho tu, kabla hajafungua mdomo. Mbele ya kisanduku cha maneno asiyoyaelewa, chenye kitufe kikubwa cha bluu na kingine kilichofifia, anabonyeza cha bluu ili apite. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinajali ridhaa. Mimi nasimama hapa kusema kwamba ridhaa iliyoombwa kwa lugha ambayo mwombwaji haijui isihesabiwe kuwa ridhaa, na ningependa siku moja nisikie wakili wa hapa Tanga akilisema hilo mbele ya Tume inayosimamia sheria hiyo.

Wakati huo haujafika, na leo usiku yapo ya kufanya. Chrome ina Kiswahili katika mipangilio yake. Kichagueni, hata kama wiki ya kwanza maneno “kidakuzi” na “kichupo” yatawashangaza. Fungueni orodha ya viendelezi na mfute kila msichokikumbuka, kisha nendeni kwenye arifa mfute tovuti zote mlizoziruhusu, maana ile mnayoihitaji itaomba tena. Kwenye steshenari, mteja ahudumiwe katika hali ya mgeni ya kivinjari, ili dirisha lake likifungwa anapoondoka, kumbukumbu zake zifutike. Shughuli za fedha ziwe katika kivinjari cha peke yake, kisicho na kiendelezi hata kimoja. Na anayetafuta programu ya kupakua asibonyeze matokeo ya juu yaliyoandikwa kwamba ni tangazo. Desemba 2022 hata FBI ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo na kuwashauri wananchi watumie kizuia matangazo wanapotafuta.

Mbele yetu kuna jambo jipya. Vivinjari vimeanza kupewa akili unde ya kutenda kwa niaba yetu: kusoma barua, kujaza fomu, kulipia. Mtumishi wa namna hiyo atakuwa anaitikia hodi wakati sisi tumelala, na ukurasa wenye hila unaweza kumnong’oneza maagizo ambayo macho yetu hayayaoni. Watafiti wameshaonyesha kwamba hilo linawezekana. Vijana wa kompyuta mlioko nyuma, hapo pana kazi ya miaka yenu yote ya ujana, na sitaki ifanywe na watu wa mbali peke yao.

Kwa upande wetu tumekubaliana na Mkutubi wa Mkoa jambo dogo. Nimekusanya ruhusa 27 ambazo vivinjari huziomba, pamoja na maneno yanayotumika kuziombea. Tutaziandika upya kwa Kiswahili ambacho mama yule wa Deep Sea atakielewa akisomewa mara moja, tuzichape kwenye karatasi moja, na kila steshenari ibandike yake ukutani. Nimejaribu ya kwanza, ile ya viendelezi, nikaandika: “Huyu anaomba aone kila unachokiona humu, hata cha benki, na aweze kukibadilisha.” Mwalimu wangu mstaafu aliisoma akasema neno “humu” halieleweki. Kwa hiyo bado hatujamaliza hata moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa kwenye meza ndefu ya chumba cha magazeti cha maktaba. Njooni na kompyuta na simu zenu kama zilivyo, msisafishe chochote, ili tuone pamoja nani yumo ndani. Soketi zipo nne tu, basi mwenye waya wa kuongezea aje nao.